Vijana wangu wananyamaza kwenye mafunzo ya Biblia

Swali: *Ninafundisha kwa kujitolea vijana wa miaka 14 hadi 18 kanisani kwetu, kwa kawaida huja kumi na watano hivi. Naandaa somo, nasoma fungu, nalifafanua kwa nusu saa au zaidi, kisha nauliza, “Kuna swali?” Kimya. Nikiwauliza mimi, majibu ni yale yale: tuombe, tumwamini Yesu, tuache dhambi. Majuzi msichana mmoja aliuvunja ukimya, akauliza kwa nini Mungu aliye mwema aliamuru Wakanaani, wenyeji wa nchi waliyoahidiwa Israeli, waangamizwe. Nilibabaika, nikamwambia imani haihojiwi. Tangu siku hiyo hajarudi. Mwenzangu ananishauri niache kuhubiri, niwaachie vijana wajadiliane wenyewe, lakini naogopa watapotoka. Nifanye nini?*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwa huyo msichana. Nitafika kwake. Naomba kwanza nianze na ule ukimya, kwa sababu ukimya wa wenzake na kuondoka kwake vina mzizi mmoja.

Vijana wako si mabubu, wala si wagumu wa mambo ya Mungu. Wasikilize wakishatoka nje ya mlango uone wanavyobishana. Wamenyamaza kwa kuwa wameshakusoma. Mtu akieleza kwa nusu saa nzima kisha akauliza “Kuna swali?”, anayenyoosha mkono anatangaza mbele ya wenzake kwamba yeye peke yake hakuelewa. Kijana wa miaka 15 hawezi kujitia aibu hiyo. Na unapowauliza wewe, tayari wanajua ni jibu lipi litakuridhisha. Tuombe. Tumwamini Yesu. Majibu hayo ni ya kweli, ndiyo maana huwezi kuyakataa, lakini hayamlazimishi mtu afungue Biblia hata kidogo. Nina kipimo kimoja ninachokitumia kila ninapoandaa kipindi: swali langu likiweza kujibiwa na mtu ambaye hakulisoma lile fungu, nalifuta.

Mwenzako amekushauri nusu ya jambo. Nusu nyingine iko katika Luka 10. Mwanasheria mmoja anasimama kumjaribu Yesu, anamuuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Yesu angeweza kumjibu kwa sentensi moja yakaisha. Badala yake anamuuliza, “Imeandikwa nini katika torati? Wasomaje?” Hayo ni maswali mawili, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni la kile kilichoandikwa, ambacho si changu wala si chako. Kimelala pale kwenye ukurasa, na kijana wa miaka 14 anaweza kukiona sawasawa na mchungaji. La pili linamgusa msomaji mwenyewe: wewe, umekielewaje? Ukilifuta la kwanza ukabaki na la pili, unapata baraza la maoni, huyu anaona hivi na yule vile, na Biblia zimefungwa mapajani. Ukilifuta la pili ukabaki na la kwanza, unapata mtihani wa kumbukumbu. Hofu yako ya vijana kupotoka inatibiwa na swali la kwanza. Ukimya wao unatibiwa na la pili.

Tena angalia kinachofuata. Baada ya kusimulia habari za Msamaria, Yesu hatoi ufafanuzi. Anauliza tena: “Waonaje wewe, katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi?” Anayetamka jibu ni mwanasheria mwenyewe, kwa kinywa chake. Jibu ulilolitamka mwenyewe mbele za watu ni gumu sana kulikimbia.

Wapo watakaokuambia kwamba kuwaruhusu vijana kuuliza ni mtindo wa siku hizi. Wasomee Kutoka 12:26, pale Pasaka inapowekwa na Musa anasema tangu siku hiyo hiyo kwamba watoto watauliza, “Utumishi huu maana yake ni nini kwenu?” Kumbukumbu la Torati 6 inamtazamia mwana atakayeuliza maana ya shuhuda na amri, na inamwandalia mzazi la kujibu. Yesu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya waalimu “akiwasikiliza na kuwauliza maswali”. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, alipoandika Katekisimu Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya imani, mwaka 1529 aliijenga juu ya swali moja linalorudi na kurudi, la kuuliza maana yake nini. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 ina maswali 129. Kweli, katika katekisimu jibu limeshaandikwa, na kazi ya mtoto ni kulishika. Mimi siidharau kazi hiyo hata kidogo. Nimekaa na watu wazima kando ya vitanda vya wagonjwa wao, maneno yao yote yamekauka, wakabaki na yale waliyoyakariri walipokuwa wadogo, na yakawatosha. Lakini kukariri ni kazi moja na kusoma ni kazi nyingine, na kipindi unachonieleza hakifanyi yoyote kati ya hizo.

Sasa tuingie kazini. Nakushauri uache kuruka kutoka mada hadi mada, mchukue kitabu kimoja na kukipitia mwanzo hadi mwisho. Anza na Marko. Ina sura 16 tu, ni fupi kuliko Injili nyingine, inakwenda kwa kasi, na wanafunzi wake Yesu humo wanaelewa vibaya kila mara, jambo linalowapa vijana pumzi. Kitabu kizima kinaweza kusomwa kwa sauti kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mkiweza, siku ya kwanza fanyeni hivyo tu: mpokezane sura, msome yote, mwende nyumbani bila somo lolote. Vijana wengi waliokulia kanisani hawajawahi kuisikia Injili nzima kama habari moja. Wameisikia vipande vipande, kama mtu aliyeonjeshwa kijiko kila wiki asijue chakula chenyewe ni kipi.

Nikuonyeshe ninavyofanya na fungu moja, Marko 4:35 hadi 41, Yesu anapoituliza dhoruba.

Lisomwe mara mbili kwa sauti, na wasomaji wawili tofauti, ikiwezekana kutoka tafsiri mbili. Hapa lugha ina mambo yake. Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumeizoea na kuipenda, inasema Yesu alikuwa “katika shetri, amelala juu ya mto”. Niliwahi kuliuliza kundi la vijana wanaona nini wakisikia maneno hayo. Mmoja akasema anamwona Yesu amelala juu ya maji, kama alivyotembea juu yake baadaye. Alikuwa amesikia mto wa maji. Hakuna aliyejua shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo. Kumbe miaka yote nilikuwa nikihubiri juu ya fungu ambalo wasikilizaji wangu walikuwa wakiona picha nyingine kabisa! Basi weka Habari Njema au tafsiri nyingine ya karibuni kando ya ile ya zamani, na kila panapotofautiana, simama. Ile ya zamani ina uzito na mapigo ambayo singependa vijana wayakose. Ile mpya inawafungulia mlango.

Kisha waulize walichokiona, na uyang'ang'anie yaliyoandikwa. Ilikuwa saa ngapi? Jioni. Nani alitoa wazo la kuvuka? Hapo wengi husema wanafunzi, waambie warudi kwenye mstari wa 35, wamkute Yesu mwenyewe akisema, “Na tuvuke mpaka ng'ambo.” Acha hilo liwaingie. Waliingia dhorubani kwa kumtii. Je, walikuwa peke yao ziwani? Karibu kila kundi husema ndiyo, mpaka mmoja agundue mstari wa 36 unaotaja vyombo vingine. Wape na wewe kidogo unachokijua ambacho hakimo ukurasani: ziwa la Galilaya liko chini ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 200, limezungukwa na vilima, na upepo ukiporomoka kutoka huko juu hulichafua kwa muda mfupi. Kadhaa katika wale waliokuwa chomboni walikuwa wavuvi wa ziwa hilo hilo. Waliijua hatari walipoiona.

Ndipo lije swali lenye nyama: wanafunzi waliogopa lini zaidi? Vijana watasema wakati wa dhoruba. Warudishe wasome. Watakuta hofu kuu inatajwa baada ya maji kutulia, si kabla. Kwa nini mtu aogope kukiwa shwari? Nikifika hapo hunyamaza, na huwa najilazimisha kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Kuna kundi lilikaa kimya karibu dakika nzima, halafu kijana mmoja asiyesema kamwe akasema taratibu, “Dhoruba walikuwa wanaijua. Huyu hawamjui.” Nimesoma vitabu vingi juu ya Marko, na sijui kama kuna aliyeniambia jambo hilo vizuri zaidi.

Fungu lenyewe linaishia na swali: “Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?” Marko halijibu pale. Analiacha litembee mpaka sura ya 8, Yesu anapowauliza wao wanamnena kuwa nani. Kama mwandishi wa Injili alivumilia sura nne, na wewe unaweza kuvumilia wiki moja kabla hujafunga kila kitu kwa hitimisho. Jambo hilo kwangu lilikuwa gumu kujifunza kuliko yote. Mwalimu hupenda vijana watoke na jibu mkononi, na wakati mwingine kinachowafaa zaidi ni kutoka na swali sahihi.

Halafu liulize lile lao wenyewe. Wanafunzi walimwamsha wakasema, “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Je, umewahi kutaka kumwambia Mungu maneno hayo? Usilazimishe ajibu kila mtu. Wape karatasi waandike, wakae nayo, wasikupe. Mkimaliza, ombeni kwa maneno hayo hayo ya wanafunzi, maana maombi yasiyo na mapambo yamo ndani ya Maandiko pia.

Umeona kwamba katika kipindi hicho mwalimu amesema kidogo, ila amejiandaa sana. Hapo ndipo wengi wanapokosea wanaposikia neno majadiliano. Wanadhani ni nafuu. Mimi hutumia muda mwingi zaidi kuandaa maswali matano kuliko niliokuwa nikiutumia kuandaa hotuba ya nusu saa, kwa sababu lazima nilijue fungu lote, na mafungu yanayolizunguka, niweze kumfuata kijana popote atakapoelekea na kumrudisha bila kumdhalilisha.

Kuhusu kuongoza kwenyewe, nitaeleza yale tu ambayo nimeyaona yakivunja au kujenga kipindi. Kumi na watano ni wengi kwa mazungumzo ya kweli; wagawe makundi mawili au matatu, na tofauti ya miaka 14 na 18 izingatiwe, maana mdogo hatathubutu kukosea mbele ya mkubwa. Kabla ya kujibu mbele ya wote, wape dakika mbili wazungumze wawili wawili. Anayeogopa kusema mbele ya kumi na wanne huwa haogopi kusema mbele ya mmoja, na akishalisema huko hulileta hadharani likiwa limekomaa. Ukiuliza swali, usilijibu wewe. Hesabu moyoni hadi kumi, ukifika kumi anza tena. Wakishagundua kwamba ukinyamaziwa utajibu mwenyewe, watakunyamazia siku zote. Jibu likiwa bovu, usiseme “umekosea” wala usijifanye limekuwa zuri, uliza, “Umeliona katika mstari upi?” Swali hilo moja limeokoa vipindi vyangu vingi. Halimwaibishi mtu, halimpi mwalimu ushindi, na linarudisha macho ya wote kwenye ukurasa. Mara nyingine kijana anakuonyesha mstari, unagundua aliyekosea ni wewe. Kubali hapo hapo, kwa sauti, wote wasikie.

Simu zao usizipige marufuku kwa haraka, maana wengi Biblia yao imo humo. Ila kwa kusoma fungu zima kitabu cha karatasi ni bora: kijana anaona kilicho juu na kilicho chini, wakati kwenye simu mstari mmoja humjia peke yake kama methali.

Hapo nimegusa kidonda changu. Namba za sura na mistari hazikuandikwa na mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitokana na chapa ya Robert Estienne, mchapaji Mfaransa, ya mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta, pia zimetuzoesha kunyofoa. Miaka mingi iliyopita niliwapa vijana niliokuwa nikiwafundisha neno la kuingia nalo kwenye mitihani ya taifa, Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Tuliliandika ukutani, tukaliimba, tukaliombea. Matokeo yalipotoka, mmoja wao alikuwa ameanguka. Alinifuata akiwa peke yake, hakulia, hakunilaumu. Aliuliza tu, “Mwalimu, ina maana mimi sikuwa katika yeye?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewasomesha mstari wa 12. Paulo anaandika akiwa amefungwa, na mambo yote anayoyaweza ameyataja hapo juu: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mstari niliompa kijana kama hirizi ya ushindi uliandikwa na mtu anayeeleza jinsi Kristo anavyomtosha hata anapopungukiwa. Ningalimfundisha fungu zima, siku ile ya matokeo ndiyo ingalikuwa siku yake ya kulielewa. Tangu hapo sifundishi mstari mmoja bila jirani zake. Yeremia 29:11 nayo ni vivyo hivyo, yale “mawazo ya amani wala si ya mabaya” yanayopendwa sana kwenye kadi. Msomeshe kijana barua yote. Imeandikwa kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka sabini, wakati sura ya 28 imetoka kumwonyesha nabii wa uongo aliyewaahidi miwili. Tumaini lipo, tena kubwa, lakini linawataka wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini. Kijana aliyelisoma hivyo hatavunjika moyo mambo yakichelewa.

Tuje sasa kwa hofu yako ya upotofu. Ni hofu halali, na sitaki uiache. Nataka uiweke mahali pake. Si kila jambo mezani lina uzito mmoja. Yapo yale ambayo Kanisa limeyakiri tangu zamani, yaliyomo katika Imani ya Mitume na katika ile ya Nikea, iliyotungwa mwaka 325 na kupanuliwa Konstantinopoli mwaka 381: Mungu mmoja, Kristo aliyefanyika mwanadamu, akafa, akafufuka. Hapo mwalimu anasimama wazi na kusema, hii ndiyo imani niliyoipokea na ndiyo ninayokupa. Kijana ana haki ya kuiuliza, kuipima, hata kusema bado haimwingii akilini, lakini asidanganywe kwamba kundi linaweza kuipigia kura. Yapo mafundisho ya kanisa lenu ambayo Wakristo wengine wanayashika kwa namna nyingine. Yaeleze kwa uaminifu, pamoja na sababu zake, na usiwasingizie wasiokubaliana nanyi. Na yapo mambo ya namna ya Warumi 14, vyakula na siku, ambayo Paulo anasema, “Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe.” Vipindi vingi vinaharibika kwa kuyachanganya haya matatu, mwalimu akilinda urefu wa sketi kwa ukali ule ule anaoulindia ufufuo.

Wabereya, watu wa mji wa Beroya, walisifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuwa waliyachunguza Maandiko kila siku, waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo. Na aliyekuwa akiwaambia ni Paulo! Kama mtume alichunguzwa, na Luka, mwandishi wa Matendo, akaona ni uungwana, wewe na mimi tusiogope kuchunguzwa na mtoto wa shule.

Shaka nayo ina nafasi yake ndani ya imani. Baba yule wa Marko 9 alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa. Tomaso alikaa na wenzake siku nane akiwa haamini kwamba Yesu amefufuka, hawakumfukuza, na alikuwa bado yumo ndani pamoja nao Yesu alipokuja. Fikiria kama wangemwambia imani haihojiwi, akaondoka siku ya pili. Waraka wa Yuda unaamuru wenye shaka wahurumiwe. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kufariji mwishoni, na bado ni maombi, na bado imo katika kitabu. Kijana anayepitia giza anapaswa kujua kwamba zaburi hiyo ipo.

Jambo moja fupi lakini la lazima. Vijana wakianza kusema kweli, ipo siku mmoja atasema jambo zito: kupigwa, kudhalilishwa kimwili, kutaka kujiua. Tangu siku ya kwanza waambie kwamba ya kipindini yanabaki kipindini, isipokuwa pale usalama wa mtu ulipo hatarini. Hapo utatafuta msaada na hutaficha. Usikutane na kijana faraghani mlango umefungwa. Kuweni watu wazima wawili, na wazazi wajue mnafundisha nini na saa ngapi.

Sasa huyo msichana. Aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika darasa lako. Aliuliza kwa sababu alikuwa amesoma, na kwa sababu alikuamini kuwa Mungu ni mwema. Asingeamini hivyo, Wakanaani wasingemsumbua. Swali hilo lilikuwa tendo la imani. Ukalijibu kama uasi.

Usimtume mtu. Nenda mwenyewe kwao, wazazi wake wakiwepo, umwambie: “Uliniuliza swali la kweli, nikaogopa, nikakujibu vibaya. Naomba unisamehe.” Usiongeze “lakini”. Halafu mwombe msome pamoja na kundi, wiki hata tatu, na mwanzo mzuri ni Yoshua 2, habari za Rahabu, Mkanaani aliyeokolewa pamoja na jamaa yake yote, ambaye Mathayo anamtaja katika ukoo wa Yesu mwenyewe. Mtakutana na Mwanzo 15:16, ambapo Mungu anachelewesha mambo vizazi vinne kwa kuwa uovu wa Waamori, mojawapo ya makabila ya Kanaani, haujatimia bado. Mtakutana na Kumbukumbu la Torati 9, Israeli wakiambiwa kwa ukali kwamba nchi hawapewi kwa ajili ya haki yao. Yoshua 5 inamwonyesha amiri wa jeshi la Bwana akiulizwa yuko upande wa nani, naye anajibu “La.” Msome Yoshua 10, inayosema hakusazwa mtu, mkaweke kando yake Waamuzi 1, yenye orodha ndefu ya Wakanaani wanaoendelea kuishi pale pale, mjiulize lugha ya vita ya zamani ilikuwa ikizungumza kwa namna gani. Na mwishoe Luka 9, Yakobo na Yohana wanapotaka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria, na Yesu anageuka kuwakemea.

Hamtamaliza. Wakristo waaminifu wametofautiana juu ya vita hivyo kwa karne nyingi, na mimi mwenyewe, baada ya kuyasoma yote hayo, bado nayasoma kwa uchungu. Mwambie hivyo. Mwambie unachokishika, na pale unapoumia moyoni mwambie kwamba unaumia. Filipo alipomkuta Mwethiopia garini akisoma Isaya, alimuuliza kama yamemwelea anayosoma. Yule mtu akamsihi apande aketi pamoja naye. Kabla hujafungua kinywa kumfafanulia msichana huyo chochote, keti, umwombe akusomee kwa sauti yale yaliyomkwaza, mstari kwa mstari, na umsikilize mpaka amalize.